Theluji ya Sembe

Mchana natengeneza meno ya watu wengine
katika chumba cha nyuma cha kliniki, Mwanjelwa:
nta, plasta, taya za waridi zikisubiri midomo.
Usiku, Uyole, juu ya meza ya kupigia pasi,
naunda jeshi.

Arobaini na wawili, ndani ya boksi la viatu,
plastiki ya kijivu, kila mmoja kimo cha kidole gumba.
Walikuja vipande vipande: mkono huku, shoka kule,
kichwa kisicho na shingo ya kukidai.
Siku ya kwanza gundi ilinishika mimi.
Nilikunywa chai na ngao kidoleni.

Ni Waviking, nikamwambia mke wangu.
Subilaga akauliza: wa kanisa gani?

Rangi ya ngozi ndiyo iliyonishinda.
Mtu aliyelelewa na upepo wa bahari ya barafu
ana rangi gani kwa karibu?
Nikasaga masalio ya fizi za bandia,
nikachanganya na rangi ya dari.
Sasa kikosi kizima kina nyuso za ufizi.
Ngao nyekundu ni rangi ya kucha ya Subilaga,
za samawati ni geti la jirani, Mwakatumbula,
ambaye hajui, na hakupungukiwa.

Julai haikaushi kitu.
Loleza imejifunika hadi kidevuni, wiki ya pili.
Nikawapanga kando ya jiko la mkaa;
mmoja akalegea, akainamia kushoto
kama anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili,
mdomo wazi.
Sikumnyoosha. Nikamwita Shemeji.

Wanamaji hawa hawataona maji
zaidi ya kopo ninalosuuzia brashi.
Lakini baridi wanaijua.
Kwa hilo tunaelewana.

Walihitaji theluji.
Plasta ipo, laini, nyeupe, ya kliniki,
inahesabiwa kwa kijiko. Si yangu.
Nikachukua sembe.
Gundi miguuni, unga juu yake, pumzi kidogo;
na chini ya taa ya kuchaji
ikawa theluji kweli,
nikajikuta nimeficha mikono kwapani.

Saa tisa usiku nilisikia vita.
Panya mmoja,
na wala hakuwa na haraka.
Kulipokucha, kumi na saba wamelala chali,
miguu imerambwa safi,
jemadari hana shoka, hana na mkono ulioshika shoka,
na mbele ya kikosi punje moja nyeusi, kama muhuri.
Subilaga alicheka hadi akaegemea mlango.
Kisha akachukua kibano changu, akakaa.
"Mkono wa huyu uko wapi?"
Tuliutafuta chini ya kabati mpaka chai ikapoa.

Jumapili akaja Anyosisye, mstaafu wa reli,
na jeshi lake ndani ya debe la biskuti, na futi kamba.
Hupima hatua za askari kama anayetandika mataruma.
"Inchi sita. Usisukume."
Dadu zikabiringika kwenye sinia.
Nilishindwa kabla maharage hayajaiva.
Wa mwisho kusimama alikuwa Shemeji,
si kwa ushujaa:
alisahaulika nyuma ya glasi.

Jumatatu, bibi Tusekile kaja kujaribu meno ya juu.
Nilipoinama, Shemeji akadondoka
kutoka mfuko wa koti langu jeupe.
Bibi akamwokota, akamleta karibu na jicho lenye nguvu,
akamtazama, huku akiuma hewa mara mbili
kupima kama taya inakaa.
"Anapiga kelele huyu," akasema,
"na hana hata jino."

Alipoondoka nikafunga mlango.
Nikachovya ncha ya sindano kwenye nyeupe,
nikazuia pumzi.
Moja.
La pili likateleza, likaangukia ndevuni.
Nimeliacha.
Ni sembe.