Mkono Huku, Jicho Kule

Nimefika Mwanjelwa na laki na elfu sitini
ndani ya soksi, soksi ndani ya koti,
koti la marehemu baba, lenye tone jekundu kifuani
tangu siku alipochora ng'ombe wa bucha ya Mwalwiba
akamsahau mkia.
Ni fedha ya vibao kumi na kimoja:
saluni nne, gereji, mashine ya kusaga,
"Usikojoe hapa" mara tatu,
na "Leo fedha, kesho mkopo" viwili,
ambavyo kimoja, Mungu anaona,
nilikopwa.

Duka la Ambakisye halizidi upana wa kitanda.
Chini ya meza ana jiko la mkaa, anaota miguu.
"Unataka cha kuchorea?" akauliza bila kucheka.
Nilikuwa nimejiandaa acheke.

Akaweka viwili.
Cha kwanza kina kioo. Unagusa,
na rangi inazaliwa palepale chini ya ncha.
Nikachora sikio lake. Likawa sikio.
"Laki saba na nusu," akasema,
nikairudisha kalamu polepole
kama niliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Cha pili cheusi, bapa, kimya,
kama kigae kilichobaki kwenye ujenzi wa benki.
Unachora hapa mezani,
mstari unaibukia kule kwenye kompyuta,
kama umechorwa na mtu mwingine, mlevi.
Nikachora sikio. Kikatoka kiazi.
Nikarudia. Kiazi cha Uporoto, kile cha mbegu.

"Usibabaishwe na namba za kwenye boksi," akasema.
"Elfu nane za mkandamizo, elfu nne,
mkono wako hautazihesabu.
Uliza kalamu: inachajiwa?
Hii haichajiwi, na umeme wetu unaujua.
Uliza ncha za akiba. Uliza kama kitasikilizana
na kompyuta yako." Nikamtajia umri wake, akaguna.
"Kipo kidogo zaidi, saizi ya bahasha, elfu tisini.
Ila wewe unachora kwa bega. Nimekuona."

Kweli. Ukutani kiganja ni abiria tu,
baba alisema, bega ndiye dereva.

Lakini kioo kiliniita bado.
Laki saba na nusu. Vibao hamsini na kitu.
Labda mwakani. Labda nimkope mjomba.
Labda nisiguse chochote, nirudi kwenye brashi.

Mama anafuma sweta za shule, Uyole.
Macho yake yapo kwenye taarifa ya habari,
anabishana na msomaji bei ya mbolea,
na sindano zinakwenda, zinakwenda,
hazijawahi kumwuliza wapi.
Umeme ukikatika hainui kichwa.
Tunasikia tu vyuma vikigusana gizani,
na asubuhi mkono wa kushoto upo, mzima,
na pindo lake.
Niliwahi kumwuliza: unaonaje?
"Sioni," akasema. "Nimefumua nyingi."

"Nipe hicho kigae."
Laki moja, arobaini na tano. Soksi ikanywea.

Usiku huo baridi ya mwezi wa saba
ikapenya chini ya mlango, ikakaa nami.
Kiazi. Kiazi. Kiazi chenye tundu.
Nikajizuia kutazama mkono; mkono ukanuna.
Kiazi.
La kumi na tisa lilikuwa na ndewe.
Nikalitazama sana, likanitazama,
hapo hapo umeme ukaondoka,
na kompyuta, ambayo betri yake ni pambo,
ikaondoka nao.

Sikuihifadhi ile picha.
Nikakaa. Kalamu bado ipo vidoleni,
haina habari ya giza.
Chumba cha pili vyuma viligusana, vikagusana.
Basi nikainama juu ya kile cheusi, ndani ya weusi,
nikamchorea ng'ombe wa baba mkia,
mrefu, wenye kishungi,
kwa bega.