Nje ya Mabano

Kwetu Kasese jina huja na namba.
Mimi ni Thembo, mvulana wa tano.
Darasani kule Kilembe tulikuwa akina Thembo wanne;
mwalimu akiita mmoja, twaitika sote,
lakini alijua, macho hayajatoka daftarini,
ni Thembo yupi aliyenakili hesabu.

Sikuyakumbuka hayo nilipoandika modeli.

Antena kumi na mbili juu ya paa la ghala la mgodi,
vibamba vya shaba, nusu wimbi toka kimoja hadi kingine.
Kila antena husema neno lilelile
ikichelewa kidogo nyuma ya jirani,
na kuchelewa huko ndiko kunakoelekeza:
sauti kumi na mbili hukutana mbali, zikawa mwali mmoja
upandao bonde la Nyamwamba kutafuta mvua
kabla mvua haijatutafuta.

Nilipima moja tu, ya saba, ya katikati, siku ya jua.
Nikaandika: sura hii ni ya wote.
Basi nikaitoa nje ya mabano, kama tulivyofundishwa;
ndani zikabaki awamu tupu, safi,
na mchoro ukasimama kwenye kioo cha kompyuta:
kilele kimoja kirefu,
vilima vidogo huku na huku vimeinama kwa adabu.
Niliupiga picha.

Jumanne tuliuelekeza mwali Hima, digrii hamsini kutoka katikati.
Kioo kikasema: mvua kubwa.
Watu wa Hima wakaanua mahindi,
wakakaa chini ya maturubai wakilitazama jua.
Mvua ilikuwa mlimani.
Kilima kimoja cha pembeni, ambacho modeli ilikiita kifupi,
hakikuwa kifupi. Kiliisikia,
nasi tukaandika Hima.
Usiku mto ukashuka na mbuzi watatu wa Musoki.

Mbambu hakunilaumu.
Aliweka kidole kwenye mstari ule, akauliza,
"Huyu 'wote' ni nani?"

"Usizing'oe," alisema. "Ya tatu iseme.
Zilizobaki zikae palepale, zimezibwa mdomo kwa ohmu hamsini."
Ubao mzima tuliulaza juu ya ringi ya baiskeli,
tukauzungusha digrii kwa digrii,
mimi nasoma, yeye anaandika kwa penseli
maana kalamu ilikataa baridi.
Usiku wa pili nikaacha kubisha.
Za katikati zinafanana, kama ndugu wafananao ukiwa mbali.
Ya kwanza na ya kumi na mbili, zenye jirani upande mmoja tu,
huegemea kule kusiko na mtu.
Ya tisa hushtuka kwenye digrii thelathini na mbili:
kipande cha chuma cha kushikia ubao,
nilichochomelea mwenyewe, nisikichore popote.
Na hata aliyezibwa mdomo humgeuza anayesema.
Hilo lilinikalisha chini.

Kisicho cha wote hakitolewi nje ya mabano.
Nikazirudisha ndani, moja moja,
kila moja na sura yake, na awamu yake;
jumla ikawa ndefu, kompyuta ikahema dakika arobaini,
yenyewe iliyozoea kunijibu chai haijapoa.
Mchoro mpya ni mbaya.
Kilele kimepinda, kimepungua desibeli mbili,
kilima cha kushoto kimenyanyuka
kama bega la mtu anayebishana.
Sikuupiga picha. Niliuamini.

Jumamosi, saa nne usiku, mwali uliona kitu juu ya Kilembe.
Nikampigia Musoki: hamisha mbuzi waliobaki.
Kimya. Kisha mbuzi akalia karibu kabisa na simu.
"Nani mwenzangu?"
"Thembo."
"Thembo yupi?"