Daftari la Kwaresima

Padri alisema: mwaka huu msifunge nyama tu,
fungeni na macho ya kujitazama.
Nami, mwenye kichwa kigumu kama kifuu,
nikanunua daftari la mia tano
nikaandika kila nililomtendea Bi Mize.

Jumatatu: nimemkogesha. Shuka mbili.
Jumanne: nimemgeuza mara nne, mgongo hauna kidonda.
Jumatano: kucha. Ile ya dole gumba imenitoa jasho.
Alhamisi: amenitukana. Nimenyamaza.
Hilo nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Hapa Limbani, Wete,
Wakristo tunahesabika kabla chai haijapoa.
Baba yangu alikuja kuchuma karafuu, msimu mmoja tu,
akaoa, akazikwa.
Ukuta tunaochangia na Bi Mize ni wa udongo,
kikohozi chake kinalala kwangu.
Wanawe wako Tanga, wako Mombasa, mmoja Maskati
anatuma salamu na picha za magari.

Ramadhani ikaingia katikati ya Kwaresima,
njaa mbili zikapanga nyumba moja.
Daktari amemkataza kufunga,
lakini kila jioni anataka bakuli la uji wa pilipili manga
likae mbele yake, asilionje hadi adhana.
"Nami nifuturu na wenzangu."
Nikakoroga uji, nikakuna nazi, nikarudi kwangu
kuandika: Uji. Nazi. Subira.
Na nilipoandika Subira nilijihisi mrefu kidogo.

Unaniona, Bwana? Nilikuwa nakuwekea hesabu
kama mpimaji wa karafuu kituoni,
kila kilo na risiti yake.

Alhamisi Kuu ilitafutwa miguu ya watu kumi na wawili.
Wakanitaja. Nikasema nina mafua.
Ukweli ni magaga:
visigino vyangu vimepasuka, vimeshika weusi
usiotoka kwa jiwe wala kwa sabuni.
Kuosha najua.
Kuoshwa, mbele ya kinamama wa kwaya, hapana.

Kengele ya misa ilipolia nilikuwa kwa Bi Mize na beseni langu.
Nilikaa kitako, miguu ikanitoka kangani,
akaona ambacho kanisa zima halijakiona.
"Skolastika. Hiyo miguu, au jamvi la mwaka juzi?"
Nikacheka, nikaivuta ndani.
"Lete hapa."
"Bibi, maji haya ni yako."
"N'mekwambia lete."

Mkono wake wa kulia umekufa tangu kiharusi.
Kwa wa kushoto akachovya kopo la mafuta ya nazi.
Vidole vilivyochambua karafuu miaka hamsini
vikatetemeka, vikamwaga nusu mkekani,
nusu vikanipaka, ufa kwa ufa,
polepole, kama anayepapasa gizani
kitu alichokiangusha zamani.
Nilitaka kuondoa mguu. Nilitaka sana.
Niliwaza mkeka, na bei ya mafuta.
Kisha nikamwona Petro pale karamuni,
mguu ameukunja, uso umemwiva, anakataa beseni,
nikamjua kama ndugu wa tumbo moja.

Adhana ikalia. Uji ulikuwa umeshapoa.
"Haidhuru," akasema. "Bado kidole kimoja."

Usiku nilifungua daftari,
nikashika kalamu hadi umeme ukakatika.
Niandike upande upi?
Nilikuwa nimechora safu moja tu, ya kutoa.

Alfajiri ya Ijumaa Kuu, kurasa zile niliwashia kuni.
Zilizobaki safi nitampa mtoto wa jirani, afanyie hesabu.

Bi Mize anagonga ukuta.
Naja, Bibi, naja.
Leo shuka ni tatu.
Samahani, Bwana. Mazoea.