Tundu la Makusudi

Huku juu Oruro hewa ni haba.
Mgeni akipanda ngazi kumi hukaa kitako,
na kompresa yangu, mzaliwa wa nyanda za chini,
huhema muda mrefu kabla ya kushiba.
Nasimama kando, masikio nimeyaziba,
nautazama mshale wa geji ukijikongoja:
nne, tano, sita na nusu.
Taratibu. Lori la Wilma haliendi popote
mpaka tairi lisimame.

Gereji hii niliirithi kwa Mjomba Fortunato,
pamoja na deni la mipira, mbwa mwenye jicho moja,
na kompresa iliyofungwa waya:
waya wa uzio, mara nne,
shingoni mwa valvu ya usalama.
"Inapiga kelele," alinieleza, "inanifukuzia wateja."
Nikamuuliza, ikitaka kutapika, itatapikia wapi?
Akacheka. Alikuwa na meno mazuri ya kucheka
na vidole saba.
Vitatu vilikwenda na mkanda,
siku alipovua kifuniko chake akasema ni dakika moja tu.

Waya ule niliukata jioni ya maziko yake,
sketi nyeusi bado kiunoni.
Nikavuta pete ya valvu: fyaaa!
Mbwa akakimbilia chini ya benchi.
Tangu hapo naivuta kila Jumatatu,
kama mtu anayempigia mama yake simu,
si kwamba kuna habari,
ni kusikia tu kwamba bado anaitika.

Jioni nachomoa plagi,
naachia upepo wote, nangoja mshale ulale kwenye sifuri,
ndipo napiga magoti na kufungua koki ya chini.
Maji yanatoka.
Nani angedhani hewa hii kavu, ipasuayo midomo,
imeficha maji kifuani?
"Ni kidogo tu, dada Nilda," husema Zelmira,
mwanafunzi wangu, mkoba tayari begani.
Kidogo hicho, mwanangu, hulala na chuma usiku kucha.

Siku moja nilimkuta akijipangusa vumbi mkononi
kwa bunduki ya upepo, akiimba.
Sikumkaripia.
Nilitoa kiazi changu cha mchana, cha kuchemsha,
nikakiweka benchini, nikakielekezea mdomo wa bunduki.
Ganda likaruka. Nyama ikafuata, hadi kwenye kioo cha dirisha.
Zelmira akautazama mkono wake,
akautazama tena.

Kisha Agosti maji yakatoka mekundu,
mazito kama chai iliyosahauliwa jikoni,
na magamba ya chuma ndani yake.
Kwenye mshono wa tangi, jasho jembamba.
Akaja Casimiro na mashine yake ya kuchomelea:
"Dakika kumi, jirani, naliziba."
Wahenga wanajua habari za ufa na ukuta,
na kwa nyumba sibishi.
Lakini nyumba haisukumwi kutoka ndani
mchana kutwa na kuta zake.
Nikamwambia Casimiro anywe chai aende.

Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu.
Bolivia mia tatu, alisema, akiligonga kwa pete yake;
kuna mtu Challapata atalitumia hivyo hivyo.
Mia tatu. Nilikuwa nadaiwa umeme.
Nikahakikisha koki iko wazi, mshale umelala,
nikachukua keekee na ncha ya milimita kumi na mbili,
nikalitoboa ubavuni.
Nikalitoboa tena, upande wa pili.
"Sasa?" nikamuuliza.
"Arobaini," akasema, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa.

Alilipakia kwenye mkokoteni.
Upepo wa uwandani ukaingia kwenye matundu yale,
na tangi likapiga mluzi mtaa mzima, mpaka kona.
Zelmira alikuwa mlangoni, akizihesabu noti.
"Mwezi huu tutakula nini?"
Viazi, nikasema.
Na usiviguse vya dirishani.