Zamu

Tudor, chumba cha mashine. Nje Februari inaunguza,
ndani Mwachiro, fundi, amevaa sweta la mkewe.
Mashine zavuma; hakuna ajuaye ipi ni ya nani.

Kazi yangu ni ya kumi na saba kwenye foleni:
damu za watoto mia nne wa selimundu,
herufi kwa herufi.
Mbele yangu Dakta Rukiya na kifua kikuu chake,
tangu juzi.

Nampigia. "Bibi, umekalia bomba."
Acheka. "Ndoo yangu kubwa. Kinga usiku, maji huwa mengi."

Saa nane usiku, Kisauni haina umeme,
simu yawaka gizani:
kazi imeanza.

Nani kaondoa ndoo yake?
Asubuhi namuuliza Mwachiro.
Avuta mikono ya sweta,
aniuliza kama nimekunywa chai.