Sekunde Mbili

Mbwambo kaileta nyuma ya pikapu iliyoshusha perege alfajiri,
injini ya farasi arobaini, imelala ubavu
kama mgonjwa aliyekataa machela.
Plagi mpya, anasema. Betri mpya.
Petroli nimemwaga, nimetia nyingine.
Fundi wa Kileo kachomoa nozeli, kazichemsha.
Amebadilisha kila kitu
isipokuwa ugonjwa.

Nyumba ya Mungu wana bwawa. Sisi hapa Njoro tuna pipa.
Ndelilio amelijaza maji ya bomba,
pipa lililopika mbege ya harusi tatu,
na mguu wa injini tumeuzamisha humo
mpaka propela ikapotea.
Watoto wa shule wanapita, wanacheka:
mama fundi anavua samaki pipani.

Weka spana chini, Ndelilio.
Ile ya kabureta ungeivuta kamba, ungeitukana,
ingepiga chafya, ingesamehe.
Hii ina ubongo.
Mwenye ubongo huulizwa.

Swali la kwanza ni la aibu, ndiyo maana watu hulikwepa:
kamba nyekundu ya usalama, ipo mahali pake?
Ipo.
Gia huru? Huru.
Fyuzi nimezichomoa moja moja, nimezitazama juani,
uzi wa kila moja mzima kama kope.

Sasa ufunguo. Usiwashe. Nusu tu.
Pampu nzima huimba sekunde mbili,
zzzz, mbu wa chumba cha pili,
kisha hunyamaza: mafuta yamefika, njoo.
Tukasubiri.
Jirani anachomelea geti; nikamwomba azime.
Tukasubiri tena.
Tukasikia mashine za kahawa kule mbali, kuku,
na tumbo la Mbwambo.
Pampu, kimya.

Imekufa, akasema, na hapo hapo akaanza kuhesabu:
laki sita, labda saba, na nauli ya mzigo kutoka Dar.
Amekaa juu ya tairi bovu
anahesabu upya kwa vidole
kana kwamba vitaongezeka.

Ngoja, baba. Aliyenyamaza si lazima awe amekufa.
Pengine hajaitwa.
Mita kwenye betri: kumi na mbili na nukta sita.
Mita kwenye soketi ya pampu: saba.
Starta ikizunguka: nne.
Umeme hautoroki na ndege.
Kuna mahali unamwagika.

Nitasema ukweli, maana Ndelilio atausema nisipousema.
Mimi nilifuata waya mwekundu.
Nusu saa, magoti kwenye changarawe, inchi kwa inchi,
kwa kuwa siku zote namshuku anayeleta.
Yeye akashika mweusi,
ule unaorudisha,
akaufuata mpaka nyuma ya starta, mahali pasipoona jua,
akakwangua kwa ukucha.
Unga wa kijani.
Bolti moja, ya namba kumi.
Arthi, mama, akasema. Hii haina arthi.

Mbwambo akatutazama.
Injini ya majini, ardhi ya nini?
Ndelilio akafungua mdomo, akaufunga.
Mimi nikampa msasa.

Akasugua mpaka shaba ikawa nyekundu kama aliyetajwa mbele za watu.
Grisi kidogo. Kaza.
Ufunguo, nusu.

Zzzz.

Mbwambo akainua kichwa
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Ikawaka mkupuo wa kwanza. Pipa likachemka,
likaturushia maji sote watatu, na kuku wawili,
na yule wa geti akapiga koleo kwenye chuma, makofi yake hayo.
Nimemtoza Mbwambo msasa na kazi ya mtoto.
Nusu saa ya waya mwekundu nimeila mwenyewe.

Ameondoka. Ameacha perege wanne kwenye ndoo
na swali lake la ardhi, hilo bado liko hapa uani.
Jumamosi akina Massawe wana kipaimara, wameomba pipa.
Nimelinusa.
Ndelilio, mwanangu, sugua tena.