Dakika Ishirini

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa, kofia kwapani,
nikazisoma zile heri, moja baada ya moja,
kwa sauti ambayo mke wangu huiita sauti ya siagi.
Padri alifumba macho. Bibi mmoja alilia.
Jumatatu usiku nikamfungulia Hmayak lango la mfereji
kabla ya saa yake, Hmayak mwenye mabwawa ya samaki,
na bahasha ikalala mfukoni mwangu kama panya aliyeshiba.

Mimi ni Nshan, mgawa maji.
Theluji ya Aragats ikiyeyuka, hupita kwanza mkononi mwangu.
Ufunguo mmoja, daftari moja, nyumba sitini na nne,
na kila nyumba ina zamu yake, hata ile ya mwisho bondeni
ambako Arshaluys ana miaprikoti kumi na mmoja
na picha ya mwanawe, aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi
huko Krasnodar, akarudi ndani ya sanduku lenye mihuri.

Dakika ishirini.
Nani huhesabu dakika ishirini saa nane usiku?

Yeye. Alikuja na koleo, na tochi,
na kijiti chenye alama alizochonga kwa kisu.
Hakupiga kelele. Alinionyesha palipolowa na palipokauka,
akasema: "Nshan, umenipunja. Andika."
Nikacheka kidogo. Akangoja.
Nilidhani mpole ni mtu anayeondoka.
Huyu hakuondoka. Alisimama pale,
matope hadi vifundoni,
mpaka nikaandika.

Kwenye mkutano wa kijiji alizisoma hesabu zake,
wiki saba, bila kunitaja jina.
Wakamwita mchawi wa dakika.
Mmoja akatema maganda ya alizeti karibu na viatu vyake.
Asubuhi yake tukakuta mti umekatwa.
Miti kumi, basi.
Na mimi, mwenye sauti ya siagi, nililijua shoka ni la nani.

Nisikilizeni, maana hapa ndipo ulimi wangu hukwama.
Kwa lugha yetu neno lile la mlimani ni yerani.
Twawaambia watakatifu: heri yao.
Twajiambia wenyewe, tukiwa tumechelewa: laiti.
Laiti ningesema. Heri ningalikatwa mimi kuliko ule mti.
Neno moja, mlango wenye pande mbili,
nami miaka kumi na tisa nimelisoma kwa upande mmoja.

Bahasha niliirudisha. Msidhani ni ushujaa:
nilikuwa nimeshatumia nusu, nikakopa kwa shemeji.
Nikalitaja shoka, na mwenye shoka.
Wiki ile ile wakauchukua ufunguo,
wakampa binamu wa Hmayak,
na mke wangu akaninunia hadi siku ya kubarikiwa zabibu.

Hakuna aliyerithi nchi, niseme kweli.
Arshaluys ana kiwanja kile kile, kasoro mti mmoja.
Binamu naye hupunja, ila dakika tano tu,
kwa kuwa sasa tuko wawili wenye vijiti.

Juzi mke wa Hmayak alishikwa na homa ya mapafu.
Nikamkuta Arshaluys njiani na sufuria ya supu ya mtindi
iliyofungwa taulo isipoe.
"Hata huyo?" nikauliza.
"Hata huyo hula," akasema,
kisha akaniambia nimshikie kifuniko, kinamwaga.

Wameniomba nisome tena Jumapili hii.
Sijawajibu.

Saa nane na robo. Baridi inauma masikio.
Mimi nimeshika tochi, yeye koleo.
Mfereji mkavu, hatusemi kitu.
Kisha kwa mbali, chini ya majani makavu,
sauti kama ya mtu anayekunjua karatasi taratibu.
"Yaja," anasema Arshaluys,
na kuinama kuvua viatu.